Seli Sabini na Moja

Butembo ilikuwa imeshabaki nyuma yetu. Kamioneti ya Zorobabel ilikuwa inateremka kuelekea Maboya, matope yanaruka pande zote mbili, na mimi nilikuwa nyuma juu ya mzigo, nimekumbatia bidoni, dumu la manjano lenye vyura kumi na wanne. Ndani ya kabini walikaa watatu: Zorobabel kwenye usukani, Shefu Abdias dirishani kwa sababu tumbo lake lilitaka hewa, na katikati Kavira Hulda, magoti yamebanwa na mkono wa gia, daftari zake nne kifuani.

Mimi sikupewa nafasi ndani, na sikuomba. Miaka arobaini nimesafiri nchi hii juu ya mizigo ya watu: juu ya viazi vya Lubero, juu ya kahawa, mara moja juu ya jeneza. Naitwa Kasonia. Nilisoma mwaka mmoja kwa Waprotestanti, miwili kwa mapadri, na miezi kadhaa kwenye chimbo la dhahabu ambako karani mmoja alitufundisha kugawanya namba wakati wa mvua. Basi, hiyo ndiyo shule yangu yote. Lakini kuna jambo moja nalijua ambalo waheshimiwa wengi hawalijui. Najua jinsi chura anavyonusa. Nililijua kwa kumkamata, na mwishoni nililijua kwa kuharibu kazi ya mtu, na mpaka leo nikikumbuka damu inanipanda.

Hulda alikuwa msaidizi kwenye institut moja, chuo cha sayansi, pale Butembo. Kazi yake ilikuwa pua ya chura. Alikuwa na chumba kidogo, madirisha yamezibwa kwa blanketi, na mashine yenye kioo cha kijani iliyoachwa na Mbelgiji mmoja kabla ya vita. Alimchukua chura, akamuua haraka kwa sindano nyuma ya kichwa (hapo mimi nilitoka nje, sioni haya kusema), halafu akaifungua pua. Chura amekufa, lakini pua yake inaishi bado masaa mengi. Ndani ya pua, kwenye ngozi laini, Hulda alishusha sindano ya kioo ambayo ncha yake jicho haliioni, mpaka sindano ikutane na seli moja tu. Seli moja ya fahamu. Hapo kipaza sauti kinaanza kugonga: tak. Unangoja. Tak.

Hata hewa ikiwa safi seli inagonga hivyo polepole. Kisha Hulda anapuliza harufu. Alikuwa na chupa tano: moja inanuka ndizi mbivu, moja karafuu, moja kafuri, moja beberu la mbuzi, na ya tano mafuta ya mukaratusi. Seli hii inasikia ndizi na kulia kama mvua juu ya bati, kwa kafuri inalia kidogo, kwa karafuu inakaa kimya. Jirani yake, karibu kabisa, inalilia karafuu na beberu, na ukiipulizia kafuri inanyamaza, hata kule kugonga kwake kwa kawaida inakuacha. Ya tatu ina mambo yake mengine. Nilikuwa nadhani kila seli imepewa harufu yake moja, kama kila mtu na jina lake. Hapana. Kila moja inasikia harufu kadhaa kwa namna yake, na Hulda hakuwahi kukuta mbili zinazofanana.

“Papa Kasonia,” aliniambia siku moja, “chura hana seli ya ndizi. Zote zinasemaka pamoja, kila moja na sauti yake, na kichwa njo kinajua hii ni ndizi.”

“Sawa na wamama ku soko,” nikamwambia.

Alicheka sana. Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati ule. Baba yake alikuwa amekufa akimlipia masomo, na kijiji kizima kilimwita Docteur kabla hajapata chochote.

Jambo lililompa jina lilikuwa sura ya nne ya kitabu chake cha kuombea udaktari. Kwenye chupa ya mukaratusi seli zilikaa kimya. Sabini na moja mfululizo, hakuna hata moja iliyolia! Hulda akaandika kwamba mukaratusi ni mti wa kuja, uliletwa na wazungu, umefunika milima yetu miaka sitini au sabini tu, na pua ya chura wa hapa haijaujua bado. Wazo zuri. Shefu Abdias, aliyekuwa mkubwa wake wa kazi, alilipenda kiasi kwamba alilihubiri hata kanisani: hata chura anamtambua mgeni! Ni kweli kwamba mwanzoni kabisa kulikuwa na seli thelathini na saba, na kati ya hizo nyingi zililia kwa mukaratusi. Lakini Abdias alisema hizo ni za wakati Hulda alipokuwa hajaujua mkono wake, afadhali aziweke pembeni. Akaziweka pembeni.

Sasa kitabu kilikuwa kimeisha. Kilibaki kitu kimoja: sahihi ya Profesa Syauswa, mtu wetu aliyekimbilia Kampala. Alikuwa amekuja Beni kumzika mama yake, na ndege yake ilikuwa inaondoka Jumamosi. Alimtumia Hulda ujumbe: lete mashine, lete vyura, nataka kusikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikisikia nitasaini. Bila sahihi ile institut ilikuwa inamtoa Hulda mwisho wa mwaka. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa sita, mwaka wa 2001. Vita ilikuwa na miaka mitatu, au mitano, inategemea unahesabu ipi.

Ndiyo maana tulikuwa barabarani.

Mbele ya Maboya tulikuta barrière. Basoda watano wenye bunduki, kamba ya manila imefungwa kutoka mti mpaka mti. Mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua la mwanamke.

“Vieux, muzee, shuka! Bidon hii iko na nini?”

“Vyura, shefu.”

“Nini?”

“Byura. Kumi na ine.”

Wakaangaliana. Halafu wakacheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake.

“Weye unakulaka byura, muzee?”

“Hapana kula. Ni ya masomo.”

“Ah! Byura binasoma! Biko mu classe ya ngapi?”

“Bilisha kupita yako,” nikamjibu. Zorobabel akafunga macho pale kwenye usukani. Lakini wenzake walimcheka yule mwenye koti, na aliponisogelea hakunipiga. Aliinama akanusa bidoni.

“Hapa kuna essence. Hii ni bidon ya essence. Munaficha essence chini ya byura. Tunakamata.”

Hapo kiburi changu kikanitoka mdomoni. Naomba unielewe. Mtu wa Butembo akipata bidoni iliyobeba petroli hawezi kuitupa. Anaijaza majani mabichi ya mukaratusi, majivu na maji ya moto, anaitikisa, anaiacha siku mbili. Ile harufu inatoka yote. Kila mtu anafanya hivyo, bidoni za maji, bidoni za pombe ya kasiksi, hata ile ya maji ya baraka kwenye parokia. Na mimi nilifanya vizuri kuliko wote.

“Essence ilitokaka zamani!” nikamwambia. “Miye mwenyewe nilisafisha. Mukaratusi! Kila safari naweka majani mapya, mu chini na mu mulango. Byura yangu hainukake hata kidogo. Nusa muzuri, mutoto!”

Nikachomoa kizibo. Kilikuwa kifundo cha majani ya mukaratusi, mabichi, nimeyakata asubuhi ile ile. Kilizuia vyura wasiruke na kupitisha hewa. Yule soda akaingiza pua kwenye shingo ya bidoni, akapiga chafya mara mbili.

“Njo kweli,” akasema. “Mukaratusi tupu.”

Wakalegeza kamba. Walichukua mwavuli wa Shefu Abdias na mkate wetu, wakatuacha.

Tulienda labda dakika mbili. Kisha kamioneti ikasimama katikati ya barabara, mlango ukafunguka, na Hulda akashuka kwa kumruka Abdias. Akaja nyuma, viatu ndani ya matope. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo.

“Papa Kasonia. Ulimuambia nini ule soda?”

“Nilimuambia ukweli.”

“Sema tena.”

Nikasema tena. Akaomba kile kizibo. Akakinusa, akakinyoosha kwa vidole, jani moja moja.

“Tangu siku gani?”

“Tangu Vuhovi.”

“Nyungu yangu? Ile ya udongo? Si nilikuambia nyungu ya udongo, maji ya muto na majani ya ule muto, kitu ingine hapana?”

“Nyungu bilivunjika.”

“Na hukuniambia!”

Hapo na mimi nikapandwa na hasira. “Nikuambie nini? Wenye bunduki balinikamata kule Vuhovi mu kinamasi, bakavunja nyungu yako tatu, moja ku kichwa yangu hii! Nililala siku ine mu maharage ya watu. Niliporudi, ulisema nini? Ulisema: vyura iko wapi? Njo kitu ulisema! Hata mutu moja hakuniuliza nyungu. Nikatafuta bidon, nikasafisha vile mama yangu alinifundishaka. Miaka mbili unakula kazi yangu, leo unanusa!”

Alikuwa anahesabu. Nilimwona midomo inavyotembea. Vyura wale walikaa ndani ya bidoni siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki, mpaka aniite nimpelekee mmoja kwenye beseni. Siku zote hizo pua yao ilikuwa ndani ya mukaratusi. Pua iliyozama ndani ya harufu usiku na mchana inachoka nayo. Na sisi watu wa Butembo, tunaopika kwa mukaratusi, tunaojenga kwa mukaratusi, tungesikiaje? Chumba kizima kingenuka mukaratusi na hakuna mtu angegeuza kichwa.

“Sabini na moja,” Hulda akasema. “Zote.”

Shefu Abdias alikuwa ameshuka naye. Alisimama mahali pakavu. Mtu huyu alipita kando ya bidoni yangu kila asubuhi kwa miaka miwili, kizibo cha majani kikiwa juu mchana kweupe, akanisalimu, akaingia ndani kumfundisha Hulda habari za pua.

“Mademoiselle,” akasema taratibu, “panda mu gari. Hii maneno itabakia hapa mu barabara. Profesa anataka kusikia seli iko kimya. Tuko na vyura kumi na ine yenye iko kimya. Donc, anasikia, anasaini, mambo inaisha. Mwaka kesho tutarudilia polepole.”

“Na sura ya ine?”

“Sura ya ine ni muzuri.”

“Ni bongo, Shefu, ni uongo.”

“Mutu gani aliisema bongo? Uliandika kitu uliona.”

Hulda akakunja yale majani mkononi, akapanda, akakaa. Zorobabel aliniambia baadaye kwamba alitaka kuimba wimbo wa dini kuvunja ukimya, akaona hakuna wimbo unaofaa.

Beni tulifikia kwa Mama Jemima, mjane wa Kiprotestanti aliyekuwa na nyumba ya matofali karibu na soko. Hulda aliweka mashine mezani, akaenda kwenye matanga kumwona profesa. Alirudi amepewa siku mbili. Alikuwa amemwambia tu kwamba anataka kuhakikisha kitu kimoja, kwa vyura wapya, mbele yake, Ijumaa. Halafu akanijia nje ya jikoni akiwa na nyungu mpya ya udongo kutoka sokoni.

“Papa, unajua muto gani yenye hainaka mukaratusi karibu?”

“Juu ya Mutwanga. Maji ya Ruwenzori. Kule ni msitu tu.”

“Enda. Osha nyungu na mchanga ya pale pale. Usiguse kitu ingine.” Kisha akasema, akiangalia chini, “Na kichwa yako… ile ya Vuhovi. Ilipona?”

Ilikuwa imepona miaka miwili iliyopita. Nilikasirika hata kwa hilo swali. Nikamwambia ndiyo.

Nilipata pikipiki iliyokuwa inapeleka dawa upande ule. Nikiwa nafunga nyungu kwenye mgongo wangu kwa kitenge, Shefu Abdias akatoka. Akanishika bega kama tuliotahiriwa siku moja.

“Tata Kasonia. Unamupenda huyu mutoto, ama?”

“Ni kama binti yangu.”

“Basi musaidie. Weka jani mbili tu mu nyungu. Mbili. Profesa atasikia kimya, atasaini, Hulda atakuwa docteur. Na weye, makosa yako inazikwa. Ni nani atajua?”

“Chura atajua,” nikasema.

“Chura anakufa kesho kutwa,” akajibu, akarudi ndani kunywa chai.

Njia ya Mutwanga nilikuwa naisikia ile sauti shingoni. Na sitakudanganya: niliona ana haki. Ningefanya nini kingine cha maana kwa yule msichana? Miaka minne alikaa ndani ya chumba kile cha blanketi, risasi zikilia nje, anangoja tak ya seli moja. Mara ngapi alianza upya kwa sababu umeme ulikatika katikati ya seli! Na kwa upande wangu, majani mawili yangenitoa hatiani. Kabla ya Mutwanga, kwenye kona ya misheni moja, kuna mikaratusi. Nilimwambia kijana wa pikipiki asimame. Nikakata tawi. Nikalitia mfukoni.

Kule juu maji ni baridi yanauma mfupa. Nilikaa ndani yake Alhamisi alasiri nzima, suruali nimeikunja, walinzi wawili wa parki ya wanyama wakiniangalia toka ng’ambo na kuulizana kama nina wazimu. Nilipata vyura tisa. Niliosha nyungu kwa mchanga mara tatu, nikaweka majani ya mto ule, nikawaingiza mmoja mmoja. Halafu nikatoa lile tawi.

Sikuomba Mungu. Sikufikiri jambo kubwa. Nilichokiona ni mkono wa Abdias begani kwangu. Huyu mtu, nikajiambia, anadhani miaka miwili nilikuwa mkono wake na sasa nitakuwa tena. Nilipoweka majani ndani ya bidoni nilikuwa mjinga aliyefanya kazi vizuri. Nikiyaweka leo nitakuwa kitu kingine, na Hulda atasainiwa juu ya kile kitu, na mimi ndiye nitakayejua peke yangu mpaka nife, na yule mwenye tumbo. Nilitukana kwa Kinande, matusi ya mama yake na ya nyanya yake. Walinzi wakacheka. Nikalitupa tawi mtoni upande wa chini, mbali na nyungu, nikaosha mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa Beni. Vyura sita walikuwa bado wazima; watatu walikufa njiani.

Profesa Syauswa alikuwa mzee mwembamba, bado amevaa kitambaa cheusi cha matanga mkononi. Alikaa kwenye kiti cha Mama Jemima, fimbo kati ya magoti. Zorobabel aliwasha uani jenereta tuliyokuja nayo. Abdias alisimama karibu na mlango na kuniangalia. Mimi nikamwangalia pia, nikamwachia asome uso wangu anavyotaka. Alitabasamu. Alidhani nimemsikiliza.

Safari hii sikutoka nje. Hulda alifanya kazi bila kutetemeka. Seli ya kwanza: ndizi, ikalia. Karafuu, kimya. Kafuri, kidogo. Beberu, kimya. Mukaratusi.

Kimya.

Nilisikia Abdias anapumua. Na nitasema aibu yangu: mimi pia nilifurahi. Labda ilikuwa kweli! Labda majani yangu hayakuharibu kitu, labda chura wa milima yetu kweli hajui mti ule, na sura ya nne imesimama, na sote tumepona.

Seli ya pili, kwenye pua ile ile. Kimya tena. Profesa akaandika kitu.

Ya tatu ilikuwa inagonga polepole sana, mpaka nikadhani inakufa. Ndizi, hakuna. Karafuu, hakuna. Hulda akafungua chupa ya mukaratusi, akapuliza.

Kipaza sauti kikapasuka. Tak-tak-tak-tak-tak, bila nafasi kati, mpaka mbuzi wa Mama Jemima akaitika nje. Kile kioo cha kijani kilijaa mistari kama majani yaliyopigwa na upepo. Hulda akangoja, akapuliza tena. Ikalia tena.

Ya nne ililia. Ya tano ililia kidogo, na kwa kafuri ililia zaidi. Ya sita kimya. Ya saba na ya nane zikalia, kila moja kwa namna yake. Tano kati ya nane. Hulda alizima mashine mwenyewe, akageuka, akamwambia profesa kila kitu: nyungu, Vuhovi, bidoni, majani, barrière. Jina langu hakulitaja. Alisema “tulitumia bidoni”. Tulitumia! Nikasimama nikasema ni mimi, Kasonia, si “sisi”.

“Asante, muzee,” profesa akasema. “Kaa.”

Alifungua daftari ya nne. Alisoma muda mrefu. Kisha akauliza, “Hizi thelathini na saba za mwanzo, zilizowekwa pembeni, zilitoka ku nyungu?”

“Ndiyo, Profesa.”

“Nani alisema ziwekwe pembeni?”

Hulda hakumwangalia Abdias. “Niliziweka miye.”

“Basi hizo na hizi nane ni kazi nzuri sana. Arobaini na tano. Zinaonyesha kila seli ina orodha yake ya harufu na hakuna mbili sawa, na hilo linanitosha mimi. Lakini halitoshi kwa jury, wale watahini. Jury inataka sabini. Nikisaini arobaini na tano watanikatalia mimi na wewe.” Akavua miwani. “Lete ishirini na tano zingine, za nyungu. Mwaka mmoja.”

“Institut itanifukuza mwezi wa kumi na mbili.”

“Najua.”

“Na kama singesema kitu?” Hulda akauliza.

Mzee akamjibu, na mpaka leo sijui kama lilikuwa jambo la kumwambia mtu. “Ningesaini asubuhi hii.”

Alimpa mkono, akaenda kumalizia matanga ya mama yake.

Abdias alinifuata uani. “Muzee mupumbafu,” akasema, “umemuua yule mutoto.”

Nikamshika kola. Sina nguvu, nilikuwa na miaka sitini na minne, lakini kola ya mtu mwenye tumbo ni rahisi kuishika. Nilimwambia kwamba pua ya chura aliyekufa imefanya kazi kuliko yake aliye hai. Nilimwambia kwamba alipita kando ya majani yangu siku mia sita. Nilimwambia na mengine. Zorobabel akatutenganisha, si haraka sana. Nilipogeuka Hulda alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, hata ile habari ya majani mawili. Hakunishukuru. Alichukua ile nyungu, akamwaga maji yake chini ya migomba, vyura waliobaki wakaruka kwenda wanakojua, akasema, “Tufunge mashine.”

Jumamosi ndege ilipaa na profesa. Jumapili tukarudi.

Kwenye barrière ile ile basoda walichukua jenereta. Bila jenereta hakuna mashine, na bila mashine hakuna seli. Mwezi wa kumi na mbili institut ilimtoa Hulda. Sasa anafundisha biolojia kwenye shule ya misheni Lubero; ana mume na watoto watatu, na daftari nne ziko kwenye sanduku. Profesa Syauswa alikufa Kampala mwaka wa 2003, kwa ugonjwa wa sukari. Shefu Abdias alitoa sura ya nne kwa jina lake mwenyewe, kwenye jarida dogo la institut, seli sabini na moja. Ilipokuja amani ya karatasi alipata kazi kwenye ofisi ya serikali na gari. Zorobabel alipigwa risasi kwenye barabara ya Mutwanga, akapona, anauza vipuri Butembo, anachechemea. Mama Jemima aliuza nyumba. Mashine yenye kioo cha kijani iko kwenye stoo ya institut, chini ya viti vilivyovunjika. Mimi ninaishi Beni, nalinda kiwanja cha mfanyabiashara mmoja, na miguu haitaki tena kutembea.